Nguruwe Wawili Wamekufa, Usianze na Dalali

Msomaji ameuliza hivi: "Majike wawili wamekufa ndani ya siku nne, wa tatu hali chakula tangu jana. Dalali yuko tayari kubeba wote waliobaki leo jioni. Niuze?"

Hapana. Nitaeleza kwa urefu, maana swali hili huulizwa mara nyingi na karibu kila mara huulizwa dalali akiwa ameshafika getini.

Nguruwe anapoacha kula, chukua kipimajoto, kipake mafuta kidogo, mwingizie njia ya haja kubwa na usubiri dakika mbili. Nguruwe mzima husoma nyuzi 39 hivi. Ukikuta 40.5 hadi 42, wapime na wenzake wa banda lile hata kama bado wanakula, kwa sababu homa hutangulia dalili nyingine. Kisha tazama masikio, tumbo, na ngozi ya ndani ya mapaja: wekundu unaogeuka zambarau. Wagonjwa hujirundika kona moja, huyumba miguu ya nyuma, wengine huharisha damu, na majike wenye mimba huzitupa. Wengine hufa wakiwa bado wanene, bila hata kukonda, jambo linalowafanya wengi wadhani wamelishwa sumu.

Hiyo ndiyo picha ya homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Ila macho peke yake hayatoshi. Homa ya nguruwe ya kawaida, ugonjwa wa erisipela, na hata salmonela kali huleta sura hiyohiyo. Anayetofautisha ni maabara, kwa damu iliyochukuliwa na mtaalamu wa mifugo katika chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda na kusafirishwa kwenye barafu. Kwa hiyo simu ya kwanza ni ya daktari wa mifugo. Wewe usimpasue mzoga kutafuta sababu. Damu ndiyo iliyojaa virusi kuliko kitu kingine chochote, na ukiimwaga sakafuni umeipanda.

Kinachowapoteza wengi ni hiki: ndani ya banda ugonjwa huu mara nyingi hutembea polepole. Wanakufa wawili, wiki inapita kimya, halafu wanakufa watano. Mfugaji anasema, "Ungekuwa wa kuambukiza wangekufa wote siku moja." Sivyo. Tangu virusi viingie mwilini hadi dalili zionekane hupita siku 4 hadi 19, na maambukizi hutaka mgusano: damu, mate, mkojo, kinyesi, au kitu kilichochafuka navyo. Kile kimya cha wiki moja ndicho kipindi ambacho dalali huondoka na nguruwe wanaoonekana wazima.

Na ndicho kipindi cha sindano. Mtu anachoma antibiotiki banda zima kwa sindano moja, kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima, mpaka wa mwisho. Antibiotiki haiui virusi, na ile sindano imekamilisha kazi ambayo ugonjwa ungeifanya kwa wiki mbili. Ikibidi kuchoma chochote, kila nguruwe na sindano yake.

Dawa ya tiba haipo. Kuhusu chanjo, Vietnam iliidhinisha ya kwanza mwaka 2022, na mwaka huohuo matumizi yake yakasimamishwa kwa muda baada ya baadhi ya nguruwe waliochanjwa kufa. Ni chanjo za virusi hai vilivyodhoofishwa, si kitu cha kununua kwa mchuuzi mwenye kichupa kisicho na lebo. Usikubali, hata akikuapia.

Sasa milango ambayo virusi huingilia bandani. Wa kwanza ni makombo. Virusi hivi havimdhuru binadamu, kwa hiyo nyama ya mgonjwa huliwa bila mtu kuugua, na mifupa na maji yaliyooshea nyama huishia kwenye ndoo ya nguruwe. Nyama iliyogandishwa huvihifadhi kwa miaka. Kukausha na kutia chumvi hakuviui upesi. Bora uache makombo kabisa. Usipoweza, yachemshe kwa angalau nyuzi 90 kwa dakika 60, ukikoroga hadi chini muda wote. Anza kuhesabu yakishachemka, siyo ulipowasha moto. Ndoo ya mabichi isiguse yaliyoiva. Wengi huharibu hapo: wanachemsha vizuri, kisha wanapakulia ndoo ileile.

Wa pili ni miguu ya watu. Dalali ametoka mabanda mangapi kabla ya kwako? Asiingie, wala kamba yake, wala mzani wake. Anayeuzwa aletwe nje ya uzio, na akishatoka asirudi hata bei ikishindikana. Sheria hii imhusu pia jirani, shemeji, na hata daktari: buti za shamba na ovaroli ya shamba, zisizotoka hapo.

Beseni la kukanyagia mlangoni, kwa mabanda mengi niliyoyaona, ni pambo. Buti lenye kinyesi likichovya kwenye dawa linaua dawa, siyo virusi. Kwanza sugua kwa brashi na maji ya sabuni, ndipo uchovye. Kiwango kinachotakiwa kwa klorini ni asilimia 2.3, ile ya kufulia yenye asilimia 3.5 unachanganya vipimo viwili vya dawa kwa kimoja cha maji. Soda kostiki ni gramu 8 kwa lita, yaani 160 kwenye ndoo ya lita 20. Tia soda kwenye maji, kamwe usimwagie soda maji, na vaa glavu na miwani. Zote mbili zinataka dakika 30 juu ya sehemu iliyokwisha kusafishwa, kwa hiyo kuchovya sekunde mbili na kupita hakutoshi. Ndiyo maana buti za kubadilisha mlangoni zinalishinda beseni. Badilisha dawa kila siku, na mara tu inapogeuka rangi ya tope.

Wa tatu ni dume la kuazima. Virusi hupita pia kwenye mbegu zake, na yeye mwenyewe huzunguka banda hadi banda. Nguruwe yeyote mgeni akae siku 30 banda la pembeni, ahudumiwe mwisho, baada ya wengine wote.

Palipo na ngiri, uzio ni lazima. Ngiri hubeba virusi bila kuugua, na papasi (aina ya kupe) wa kwenye mashimo yake huvitunza kwa miaka. Papasi huyo huweza kujificha pia kwenye nyufa za kuta za banda, akatoka usiku na kunyonya kwa dakika chache. Ziba nyufa kwa saruji.

Maabara ikithibitisha, fuata amri ya karantini. Mizoga ifukiwe shimo la mita mbili, mbali na kisima, udongo wa juu usipungue mita moja, ili mbwa wasifukue. Aliyepona asibaki kuwa wa kuzalisha, hata akiwa jike bora uliyewahi kuwa naye. Huenda bado ana virusi. Choma matandiko, kwangua kinyesi, osha, pulizia dawa, acha pakauke, pulizia tena. Banda likae tupu siku 40 angalau, na zaidi kama kuna papasi. Kisha ingiza wachache, moja ya kumi ya idadi yako ya kawaida, na uwaache watembelee vyumba vyote kwa wiki sita. Wapimwe damu. Wakiwa safi, ingiza waliobaki.