Urefu wa kaviti kwa skani ya leza: tatizo liko kwenye mhimili wa masafa

Mkuu, umesema una kaviti, yaani vioo viwili vinavyotazamana kwenye bomba la alumini, kama sentimita 15 kati yake, na leza ya diodi ya nanomita 780, na unataka kupima urefu huo kwa skani, yaani kwa kubadilisha masafa ya leza (idadi ya mitetemo ya mwanga kwa sekunde). Ukifiti vilele vya skani, yaani pale mwanga unapopenya kwa wingi, urefu unaruka karibu nusu milimita kutoka skani moja hadi nyingine. Waliotangulia wamekushauri ununue detekta (kipokea mwanga) bora. Mimi napinga. Detekta uliyonayo inatosha kabisa, kinachokudanganya ni masafa yenyewe.

Hesabu ni fupi. Mwanga hupenya kaviti pale tu safari ya kwenda na kurudi inapobeba idadi kamili ya mawimbi, kwa hiyo vilele hupishana kwa nafasi sawa ya c/2L (c ni kasi ya mwanga, L ni urefu wa kaviti). Kwa sentimita 15 hiyo ni megahezi 999 hivi. Vipe vilele namba 0, 1, 2, 3, chora masafa dhidi ya namba, pitisha mstari mnyoofu. Mteremko ndio nafasi hiyo, na L unaipata kwa kugawa c kwa mara mbili ya mteremko. Namba halisi ya kilele chako cha kwanza iko karibu 385,000, ila huna haja ya kuijua, maana haigusi mteremko.

Sasa osiloskopu (skrini inayochora umeme wa detekta) haikupi masafa, inakupa muda. Umechukulia kwamba volti za piezo (kipande kinachosogea kwa umeme na kubadilisha masafa ya leza) zikipanda sawasawa basi na masafa yanapanda sawasawa. Thubutu! Piezo ikipanda ina mkunjo wake, ikishuka ina mwingine. Ni kupima kitenge kwa utepe wa mpira. Chora mabaki, yaani kila kilele kimekaa mbali kiasi gani na mstari. Yakitawanyika ovyo juu na chini ya sifuri, vizuri. Yakijipanga kama upinde, skani imepinda, na hapo hata programu ikikuandikia kosa dogo la kupendeza usiliamini.

Mimi hapa Mwanza sina wavemita (kipima urefu wa wimbi la mwanga), basi natumia redio: naingiza mawimbi ya megahezi 100 kwenye mkondo wa diodi. Kila kilele kinaota vilele vidogo viwili, kimoja kila upande, megahezi 100 kutoka katikati. Hiyo ndiyo rula yako, na kristali ya kutunza masafa, ya bei ya kawaida, inaishikilia vizuri kuliko utakavyohitaji. Fiti vyote kwa pamoja: mkunjo wa skani (mraba au mchemraba wa muda), mahali pa kilele cha kwanza, na L. Usinyooshe skani kwa macho kwanza halafu ndiyo ufiti.

Lakini rula hiyo haitibu joto, na nadhani ndilo linalokusumbua zaidi. Sentimita 15 za alumini hurefuka mikroni 3.5 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kila nusu ya urefu wa wimbi, mikroni 0.39, husogeza vilele nafasi nzima. Yaani nyuzi moja ni nafasi tisa! Chumba kinachotazama ziwa, mchana upepo ukianza kuingia dirishani, joto linabadilika upesi. Tuseme ni nyuzi moja kwa saa: vilele vinatembea megahezi 2.5 kila sekunde. Skani yako ya gigahezi 10 kwa sekunde 10 itakosea asilimia 0.25, karibu milimita 0.4. Umeiona nusu milimita yako?

Skani kwa mia moja ya sekunde badala ya sekunde 10. Fiti ya kupanda na ya kushuka kila moja peke yake, kisha chukua wastani, kwa sababu kosa la joto hugeuka alama skani ikigeuka. Funika bomba kwa boksi, na uzime pangaboi.

Angalia pia vioo. Vikiwa na nusu kipenyo cha mpindo kinacholingana na L, vilele vya pembeni (vya mwanga usiopita katikati ya vioo, si vile vya redio) huangukia katikati ya vilele vikuu na utaviona vilele kila megahezi 500. Usiseme kaviti ni sentimita 30.

Na hewa: tuko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kipeo cha mpindo wa mwanga (mara ngapi hewa hupunguza kasi ya mwanga) ni kama 1.00023, si 1.00027 ya vitabuni. Kwa kaviti yako tofauti ni mikroni 6 tu. Iache mpaka hayo mengine yatulie.

Tupia hapa faili la skani moja ya kupanda na moja ya kushuka, na uandike vioo vina mpindo gani. Halafu mkuu, nanomita 780 jicho halioni sawasawa lakini inaunguza vilevile, vaa miwani.