Ringi za pikipiki za alumini zenye spoku: ninavyozitunza huku Uyole, Mbeya

Kabla ya yote tafuta sumaku. Ya spika ya redio iliyokufa inatosha. Iguse kwenye ringi. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa kromu, na ugonjwa wake ni kutu nyekundu ambayo kila fundi anaijua. Isiponasa, una ringi ya alumini, na yanayofuata yanakuhusu. Nimekutana na madereva wanaoapa kwamba ringi zao ni aloi kwa sababu zinang'aa. Kromu nayo inang'aa, tena zaidi.

Kijiweni lawama zote hupewa mvua. Ni kweli kuanzia Novemba mpaka Aprili piki hazikauki, na ukishuka Tukuyu ndiyo usiseme. Lakini maji ya mvua peke yake hayaiumizi sana alumini. Ikishapata hewa, hujivika utando mwembamba wa oksidi usioonekana kwa macho, na ukiukwaruza hujirudi papo hapo. Utando huo ndio kinga yake yote. Hushindwa na chumvichumvi, na hushindwa na kemikali kali, iwe ya upande wa asidi au wa magadi. Wenzetu wa pwani wana upepo wa bahari, na Ulaya humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Sisi tuna mbolea.

Mimi nasambaza pembejeo, kwa hiyo naliona hili kila msimu wa viazi. Ringi ya nyuma ndiyo huanza, tena upande ule ambao mfuko umetoboka. Mbolea ya CAN hunyonya unyevu wa hewani, na kwa ukungu wa asubuhi wa Isongole punje zilizonasa kwenye spoku hugeuka maji mazito kabla hujamaliza safari. Mbolea nyingi za NPK zina kloridi ya potasiamu, ambayo ni aina ya chumvi, na kloridi ndiyo hutoboa alumini vishimo vidogo vidogo vinavyoingia ndani badala ya kusambaa juu. Unachokiona nje ni unga mweupe tu. Chumvi ya ng'ombe ni hivyohivyo. Dawa yake haina gharama: funga mfuko ndani ya nailoni, na ukishusha mzigo mwagia ringi maji matupu siku hiyohiyo, kabla hazijakauka. Usingoje Jumapili.

Sasa sabuni, na hapa ndipo watu wanaponibishia. Aliyewahi kupika maharage ya magadi kwenye sufuria ya alumini anajua sufuria hubaki nyeusi. Ringi yako ni alumini ileile. Majivu yaliyolowa, sabuni ya unga iliyokorogwa nzito ikaachwa ikauke, na mbaya kuliko zote, kostiki soda: vyote viko upande wa magadi na vinakula ule utando. Asidi ya betri inatoka upande wa pili na kufanya kazi hiyohiyo. Kwenye sehemu za kuoshea magari kuna vijana wana chupa isiyo na lebo wanayoita dawa ya kung'arisha. Inang'arisha kweli, kwa sababu inavua ngozi. Mwambie dogo kwa upole akuoshee kwa sabuni ya kuoshea vyombo iliyozimuliwa na maji mengi, na mswaki wa zamani kwa ajili ya kona za spoku. Stilwaya apeleke jikoni. Huacha vipande vya chuma vilivyokwama kwenye alumini, na kila kipande huanzisha doa lake. Kama ringi zako ni za rangi, dhahabu au nyeusi, hata krimu ya kusugulia iache. Rangi ile ni tabaka jembamba sana, ukilisugua likaisha halirudi.

Mahali pa kutazama kwa makini ni pale spoku inapoingia kwenye ringi. Chuma na alumini vikigusana penye maji yenye chumvi hutengeneza betri, na hapa sisemi kwa mfano, umeme mdogo hupita kweli. Katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Spoku zilizopakwa zinki husaidia kwa sababu zinki hutangulia kuliwa. Ikishaisha, spoku zikaanza kuwa kahawia, zamu ni ya ringi. Ndiyo maana spoku yenye kutu kwenye ringi ya alumini mimi huibadilisha, hata kama haijakatika. Na fundi anaposuka spoku mpya, mwombe apake grisi kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha nati. Atasema ni kupoteza muda. Msubirie.

Upande wa ndani hauonekani mpaka siku ya pancha. Maji huingia kwa tundu la valvu na kwenye nati za spoku, hukaa kati ya tyubu na ringi, hayana pa kutokea. Siku tairi likifunguliwa, usikubali lirudishwe haraka. Toa ule ukanda wa mpira, pangusa, kwangua unga mweupe kwa msasa laini wa maji, osha, kausha kabisa, kisha ukanda mpya. Uliokatwa kwenye tyubu kuukuu unafaa. Pancha zisizo na msumari wala mwiba mara nyingi hutoka humo, unga ule ukishakuwa magamba hukwangua tyubu.

Kuhusu oili chafu: naiona inapakwa kila mahali, na siipendi. Ina mabaki ya asidi ya injini, inashika vumbi la njiani ikawa tope la kusaga, na ikichuruzika kwenye breki za nyuma utaijua kwenye mteremko wa Kiwira. Nta ya kawaida ya magari, isiyo na mchanga wa kusugulia, ikipakwa kwenye ringi safi na kavu hufukuza maji vizuri. Irudie ukiona maji hayajikusanyi tena matone.

Turubai ukilifunga chapachapa juu ya piki iliyolowa unafuga unyevu usiku kucha. Acha hewa ipite. Na usiilaze bandani kwa ng'ombe.

Madoa meupe ya juu, yasiyo na vishimo chini yake, ni ya sura tu. Lakini ukiona ufa, hata wa unywele, unaoanzia kwenye tundu la spoku, ringi hiyo imekwisha, na usimruhusu mtu aichomelee. Ukienda soko la Mwanjelwa kutafuta iliyotumika, nenda na sumaku yako, na kabla ya kuuliza bei igeuze utazame matundu kwa upande wa ndani.