Kuvuka Chalbi kwa Gari la Kulala: Maswali Yenu

Tangu nieleze safari yetu ya Februari katika Jangwa la Chalbi, kati ya Marsabit na Ziwa Turkana, maswali hayajakoma. Tulikwenda mimi na mke wangu, kwa matatu ya zamani tuliyong'oa viti tukaweka kitanda na jiko.

*Mjomba, van yangu inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Nitapita? (Msomaji, Nakuru)*

Kiangazi utapita, mradi usiiache njia iliyokwisha kukanyagwa. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Juu kuna ganda jeupe la chumvi, ukilitazama utadhani saruji, kumbe chini yake pengine ni matope mabichi. Sisi tulitoka njiani hatua hamsini hivi ili tupige picha. Magurudumu ya mbele yalipita salama, ya nyuma yakazama hadi ekseli. Nikakanyaga mafuta, nikazidi kujichimbia kaburi. Kwa muda wa saa tatu tulichimba kwa sepetu, tukatandika mbao mbili chini ya matairi, tukatoka polepole kwa gia ya pili.

Kwenye mchanga punguza upepo wa matairi. Mimi nilishuka kutoka psi 40 hadi 20. Lakini beba pampu, ujaze tena kabla ya mawe meusi ya volkeno upande wa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, maana tairi legelege huchanwa ubavuni na mawe hayo. Na mvua ikinyesha, hata milimani mbali, usiingie kabisa: maji yote hushukia pale bondeni. Waulize wenyeji wa Maikona au Kalacha kabla hujawasha gari.

*Rejeta yangu huchemka hata Mombasa Road. Je, huko? (Msomaji, Machakos)*

Itengeneze kwanza, ndugu yangu, ndipo ufunge safari. Huko jihadhari na upepo unaovuma kutoka nyuma: gari linakwenda nao sambamba, rejeta haipati hewa. Sindano ya joto ikipanda, simama, geuza pua ya gari ielekee upepo, acha injini iungurume taratibu. Kifuniko usikiguse hadi kipoe. Kisha chungulia mbele ya rejeta, utoe vumbi na mbegu za nyasi zilizoziba.

*Ni kweli mlikwama Maikona siku nzima? (Msomaji, Thika)*

Nusu siku. Barabara ile ina mawimbi kama bati la paa, na mtikisiko wake hulegeza kila nati. Asubuhi gari halikuwaka, hata mlio. Nilishaamini stata imekufa, nikawa napiga hesabu ya kuvutwa hadi Marsabit. Kijana mmoja wa bodaboda akafungua boneti, akashika waya wa betri, ukacheza mkononi mwake. Akaukaza kwa spana namba kumi, dakika moja. Alikataa pesa, akakubali chai. Tangu siku hiyo kila jioni nazunguka gari na spana kabla ya kupika.

*Maji kiasi gani? (Msomaji, Eldoret)*

Lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na ya rejeta mbali. Yagawe katika madumu kadhaa, moja likipasuka yabaki mengine.

*Shikamoo mjomba. Taabu zote hizo, mlipata raha gani? (Msomaji, Tanga)*

Marahaba, mwanangu. Raha ya kwanza ni kivuli cha mikoma, jamii ya mitende, pale Kalacha, baada ya siku mbili za weupe mtupu unaoumiza macho. Wagabra, wafugaji wa huko, walikuwa wakinywesha ngamia kisimani, wanaimba huku ndoo zikipokezanwa. Tulipewa maziwa ya ngamia, mke wangu akayapikia chai. Yana chumvi kidogo. Sukari tukapunguza wenyewe bila kuambizana.

Usiku tulifungua mlango wa nyuma, tukalala miguu nje. Hakuna taa hata moja. Nikamwonyesha mke wangu Kilimia, lile kundi la nyota, nikamwambia alivyonifundisha babu: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Akauliza usiku huu kimo wapi. Kilikuwa kinateremka magharibi, upande wa ziwa, na mchanga chini ya visigino vyetu bado ulikuwa na joto la mchana.