Shangazi, mama mkwe anataka nibatizwe upya

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, ni Mlutheri wa hapa Moshi. Nilibatizwa nikiwa mtoto na kipaimara nilipata nikiwa sekondari. Mchumba wangu ni Mkatoliki, posa imeshapokelewa na harusi tunataka iwe Desemba. Mama yake anasema sifungi ndoa parokiani mpaka nibatizwe upya niwe Mkatoliki. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Anasema nikihamia kwa "wanaomwabudu Maria" nisimwite baba tena. Juzi nilikwenda Misani, nikapanga mstari wa Komunyo, wifi yangu akanivuta gauni mbele za watu. Mchumba wangu ananiambia, "Wewe batizwa tu, yaishe." Nifanyeje? Binti wa Usharikani.*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la "batizwa tu, yaishe", maana ndilo lililoniuma kuliko yote.

Ubatizo haurudiwi. Ulibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na Kanisa Katoliki linautambua ubatizo huo kama linavyoutambua wa mchumba wako. Kanuni ya 869 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakataza kumbatiza tena mtu wa namna yako, labda pawe na shaka nzito kwamba maji hayakutumika au maneno yalikuwa mengine. Watu wengi huchanganya kwa sababu baadhi ya makanisa ya Kipentekoste na Wabaptisti hayakubali ubatizo wa watoto wachanga, hivyo humzamisha upya anayehamia kwao. Huo si utaratibu wa Wakatoliki wala wa Walutheri.

Kuhama nako si sharti la ndoa. Yako inaitwa ndoa ya mseto, yaani ya Mkatoliki na Mkristo aliyebatizwa wa kanisa lingine. Inahitaji ruhusa ya askofu (kanuni ya 1124), na ruhusa hiyo huombwa na paroko. Usimkasirikie sana mama mkwe. Chini ya sheria za zamani, za mwaka 1917, masharti yalikuwa makali: hata asiye Mkatoliki alitakiwa kutoa ahadi kuhusu watoto, na Mkatoliki aliyefunga ndoa mbele ya mchungaji alitengwa. Papa Paulo VI alilegeza hayo mwaka 1970, lakini majumbani yaliyosimuliwa na wazee ndiyo yamebaki.

Sasa nendeni kwa paroko wa mchumba wako, wote wawili, mapema. Miezi sita kabla ya harusi si mingi, kwa sababu karatasi huenda jimboni na kurudi. Beba cheti chako cha ubatizo na barua ya mchungaji wako inayothibitisha kwamba hujawahi kufunga ndoa. Mchumba wako aombe nakala mpya ya cheti chake katika parokia aliyobatizwa. Ile ya zamani iliyo kabatini haitoshi, kwa sababu ndoa ya Mkatoliki huandikwa pembeni ya jina lake katika kitabu cha ubatizo, na paroko anataka kuona pembeni hapo hapajaandikwa kitu. Hapa ndipo tarehe nyingi za harusi huvunjika: ukumbi umelipiwa, kadi zimegawiwa, cheti bado kiko parokia ya mbali. Kumbukeni pia kwamba sheria ya ndoa ya Tanzania inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla.

Mbele ya paroko, mchumba wako ataahidi mambo mawili: kwamba hataiacha imani yake, na kwamba atafanya kila awezalo watoto wote wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Wewe hutakiwi kuahidi hilo. Sheria inataka tu ujulishwe wazi kwamba mwenzako ameahidi. Hapa, mwanangu, ndipo penye uzito kuliko gauni na ukumbi. Ukinyamaza leo ukidhani mtaelewana mtoto akizaliwa, utakuwa umemwachia aahidi jambo ambalo wewe hujalikubali, na yeye ataona unamvunjia ahadi aliyomwekea Mungu. Kaeni wawili, bila wifi wala mama, mjibu: mtoto atabatizwa wapi? Jumapili atakwenda wapi? Nikitaka kumfundisha nyimbo za usharikani utanizuia? Kama hamwezi kukubaliana, ni afadhali Desemba isogee.

Kuhusu ibada yenyewe, kwa kawaida ndoa ya namna yenu hufungwa bila Misa: masomo, mahubiri, maagano, pete, maombi, Baba Yetu na baraka ya maarusi. Askofu anaweza kuruhusu Misa, lakini nakushauri msiombe. Mtakula kiapo cha kuwa mwili mmoja, halafu dakika chache baadaye mmoja apokee Ekaristi na mwingine abaki amekaa, na nusu ya kanisa nayo imekaa. Mchungaji wako anaweza kualikwa asome somo, aombe au awabariki. Kisichoruhusiwa ni padre na mchungaji kupokea maagano kwa pamoja, au kurudia kiapo usharikani siku nyingine. Mkitaka kufungia usharikani inawezekana pia, ila askofu Mkatoliki atoe kibali kwanza. Mkienda bila kibali hicho, au mkiishia bomani, Kanisa la mchumba wako halitaitambua ndoa, naye hatapokea Komunyo. Na wewe mwone mchungaji wako sasa hivi, umuulize usharika unasemaje kuhusu msharika anayefungia ndoa parokiani.

Wifi yako alikosea namna, si jambo. Walutheri mnafundishwa kwamba mwili na damu ya Kristo vipo kweli katika Chakula cha Bwana, pamoja na mkate na divai. Mkatoliki anaenda mbele zaidi: baada ya mageuzo, yaani padre akishasema maneno ya Yesu juu ya mkate na divai, mkate si mkate tena, ni maumbo tu, yaani sura na ladha, yaliyobaki. Ndiyo maana hostia, yaani mkate wa Komunyo, zilizosalia hutunzwa katika tabernakulo, kisanduku kitakatifu cha kanisani, taa ikiwaka kando yake, na watu hupiga goti. Anayepokea husema "Amina" kwa hilo na pia kwa umoja na askofu na Papa, na umoja huo wewe bado hujaukiri. Ukiwa Misani, baki kwenye benchi au, pale parokia inapozoea, panda umekunja mikono kifuani upewe baraka. Mchumba wako naye asipokee usharikani kwenu.

Baba yako mwambie hivi kwa heshima: Wakatoliki humwabudu Mungu peke yake, Maria humwomba awaombee, "sasa na saa ya kufa kwetu". Mlutheri ataendelea kusema Kristo anatosha kuwa mwombezi, na tofauti hiyo ni ya kweli, usiifunike. Lakini lile lililowatenganisha hasa, mtu huhesabiwaje haki mbele za Mungu, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja juu yake kule Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999: ni kwa neema, kwa imani katika Kristo, si kwa stahili zetu. Mzee wa kanisa atalipokea hilo vizuri kuliko machozi.

Ikiwa miaka ijayo utauamini Ukatoliki kwa moyo wako, utafundishwa, utakiri imani, utapewa kipaimara na Ekaristi, bila maji kumwagwa tena. Kipaimara kitatolewa upya kwa sababu kwao ni sakramenti na kwenu si sakramenti. Lakini usifanye hivyo kwa ajili ya tarehe ya ukumbi.

Jambo dogo la mwisho. Siku ya harusi, chapisheni Baba Yetu kwenye karatasi ya ibada. Upande wenu watasema "utupe leo riziki yetu" na "usitutie majaribuni", upande wao "mkate wetu wa kila siku" na "kishawishi", kisha wao watafika "utuopoe maovuni" na kunyamaza huku baba yako akiendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako" peke yake kanisa zima. Mwulizeni paroko mtumie maneno yapi, na baba apewe karatasi yake mapema.