MGB ya 1966 kwenda Prescott: injini iache kwanza, pesa iende kwenye matairi, ekseli na breki

Mkuu, umesema una MGB (gari dogo la michezo la Kiingereza) ya 1966, injini ya kiwandani, uko Uingereza, unataka kuiingiza kwenye mashindano ya kupanda kilima, gari moja moja likishindana na saa, pale Prescott na baadaye Shelsley Walsh. Umeuliza uanze na kamshafti kali au kabureta ya Weber. Jibu langu: hata kimoja, angalau kwa msimu wa kwanza.

Prescott ni yadi 1,127, yaani kama mita 1,031. Shelsley, inayopandwa tangu 1905, ni yadi 1,000 tu. Kamshafti kali inakupa nguvu juu ya mizunguko 5,000 kwa dakika na kukunyima chini ya 3,000, na chini ya 3,000 ndipo utakapokuwa ukitoka kwenye Pardon, kona kali ya Prescott. Injini yako, ya aina iitwayo B, ya cc 1,798 ina pistoni yenye mwendo mrefu (milimita 88.9) na inavuta vizuri kuanzia chini. Hiyo ni faida uliyokwisha kuilipia.

Matairi. Waliozoea resi za mzunguko hushusha upepo wakitegemea tairi lipate moto na presha ipande. Kilimani halipati moto. Upepo utakaoweka kwenye maegesho ndio utakaopanda nao. Kiwango cha barabarani kwa matairi ya 165R14 ni psi (kipimo cha presha) 21 mbele na 24 nyuma. Anza na 22 kote, kisha nyuma punguza psi 1 kila mpando wa mazoezi. Mkia ukianza kuyumba, rudisha 1. Angalia pia umri wa tairi: tarakimu 4 ubavuni, mfano 2314, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi kama hilo linaweza kuwa na kashata nzima na bado likateleza kama sabuni, kwa sababu mpira umekauka. Na kabla hujanunua mapya, soma orodha ya matairi yanayoruhusiwa kwenye kundi lako. Kuna watu hununua tairi zuri kisha wakajikuta wanashindana na magari ya resi tupu.

Breki ni vilevile. Usiweke padi za resi zinazotaka joto kali ndipo zishike. Kona ya kwanza utafika nazo zikiwa baridi na gari halitasimama. Padi za barabarani zilizo nzuri, za aina ya Mintex M1144, zinashika tangu kanyago la kwanza. Badilisha oili ya breki, kagua silinda za ngoma za nyuma kama zinavuja, basi.

Ekseli ya nyuma ndiyo yenye maneno. MGB ina springi za majani, na ukiachia klachi kwa nguvu ekseli hujipinda, springi inajikunja mfano wa herufi S, halafu inafyatuka. Tairi linadunda badala ya kushika. Utalisikia: gari zima linatetemeka kwa nyuma na muda unakwenda. Kabla ya kununua vyuma vya kuizuia, badilisha bushi za springi, kaza U-bolti, na ongeza oili kwenye shokapu za Armstrong zile za mkono. Zikivuja, peleka zikatengenezwe. Mara nyingi hapo tatizo limepungua sana. Kama una rimu za spoku, vua kila gurudumu utazame meno ya kitovu: yakiwa yamechongoka, utasikia mlio wa "tak" kila unapoachia klachi, na siku moja kitovu kitazunguka peke yake bila gurudumu.

Sasa ukaguzi. Unahitaji leseni ya Motorsport UK na uanachama wa klabu inayoalikwa. Helmeti, ovaroli na glavu lazima viwe na lebo za viwango vilivyo kwenye kitabu cha sheria cha mwaka huo. Mbele ya gari kuna kibao cheusi kisichong'aa cha kukata mwale wa taa unaoendesha saa: upana milimita 51, ukingo wa chini usizidi milimita 200 kutoka ardhini, wa juu usipungue 460. Kifunge kwa bolti. Kikilegea na kupinda, muda wako haueleweki. Kabureta zako za kiwandani, za SU, zinatakiwa ziwe na springi za nje za kurudisha eksileta, na swichi ya moto iandikwe wazi wapi inawaka na wapi inazima. Waya wa ethi wa betri unazungushiwa tepu ya njano, na hapa wengi wenye gari la umri wa lako huteleza: MGB hadi 1967 ethi yake ni CHANYA, kwa hiyo tepu inakwenda kwenye waya wa chanya. Betri zako ni 2 za volti 6, nyuma ya viti. Chungulia chini, trei zake zinaoza kwa kutu. Toa tairi la akiba, jeki na mikeka.

Mstarini, mtu anaweka kabari nyuma ya tairi, kwa hiyo handbreki achia. Taa ya kijani haikuharakishi, maana saa inaanza kibao kinapokata mwale. Tulia. Mizunguko kama 3,000, klachi iachie kwa kuteleza kidogo mpaka gari limeondoka, kisha mafuta yote. Gia ya kwanza inaishia karibu kilomita 44 kwa saa kwenye mizunguko 5,500, ya pili kama 70. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili usivute kwa hasira. Sinkro (kifaa cha kulinganisha kasi ya gia) iliyochoka inakataa, na kukosa gia kunakula muda kuliko kamshafti yoyote itakayorudisha.

Pardon inakujaribu uingie gia ya kwanza. Giaboksi yako ya kabla ya Mk II (toleo la pili la MGB) haina sinkro kwenye gia hiyo, kwa hiyo lazima upige klachi mara mbili na kuongeza mafuta katikati huku unafunga breki. Kama hilo hulijui vizuri, baki ya pili. Kilomita 26 kwa saa bado ni mizunguko 2,000 na injini itavuta. Tena ukiwa kwenye ya kwanza, tairi la nyuma la ndani litanyanyuka na kuzunguka bure, kwa sababu difu ya kawaida inapeleka nguvu kule kusikoshika.

Foleni ndiyo adui wa injini. Ipashe moto kabla ya kuitwa, presha ya oili ya moto iwe kati ya psi 50 na 80 ukiwa kwenye mwendo, kisha zima na usukume gari kila foleni inaposogea. Siku ya jua petroli huchemka ndani ya vibakuli vya SU. Funga bati la kuzuia joto na ufungue boneti.

Kwenye karatasi ya matokeo utaona pia muda wa futi 64 za kwanza, kama mita 19.5. Linganisha huo peke yake kati ya mpando na mpando. Ukibaki uleule huku muda wa jumla ukishuka, kona zako zinakua. Ukipanda na kushuka ovyo, rudi kwenye klachi na zile bushi.