Iverson wa 2001: pointi 31 zilimgharimu nini?

Mkuu, umeuliza inakuwaje mtu kama Allen Iverson aongoze NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa pointi 31.1 kwa mechi, abebe na tuzo ya MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, halafu sisi watu wa takwimu tuseme Shaq (Shaquille O'Neal) wa msimu uleule alikuwa bora zaidi. Nilikuwa upande wako kabisa, mpaka nilipopewa daftari.

Goti lilinigomea, nikawa nakaa benchi la timu yetu ya mtaani, na kocha akanipa kazi ya kuandika. Kulikuwa na kijana wetu mmoja, pointi 20 kwake kawaida, watoto wanaimba jina lake. Siku moja nikaacha kuhesabu anachofunga, nikahesabu mashambulizi yanayoishia mikononi mwake. Nilikaa na ile karatasi siku mbili kabla ya kumwonyesha kocha.

Hesabu ni hii. Chukua mitupo ya kawaida, ongeza mitupo huru, ile ya baada ya faulo, ukiizidisha kwa 0.44, kwa sababu mitupo huru miwili kwa kawaida ni shambulizi moja, na mingine huja kama nyongeza baada ya kikapu. Iverson msimu wa 2000/01 kwa kila mechi alitupa 25.5 na mitupo huru 10.1, yaani nafasi za kufunga kama 30. Shaq: 19.2 na 13.1, nafasi 25, pointi 28.7. Na hapo ile mitupo huru yake ya aibu, inayoingia nusu tu, imeshahesabiwa! Kwa hiyo Iverson kamzidi pointi 2.4 kwa kula nafasi tano zaidi. Nafasi moja kwa mchezaji wa kawaida msimu ule ilizaa pointi moja na kidogo. Wape wenzake hizo tano, utaona: zingezaa pointi tano na kidogo, si 2.4.

Ila nisimwonee. Timu yake, Philadelphia 76ers ile, haikuwa na mfungaji mwingine wa maana. Sekunde za shambulizi zikikaribia kuisha, nani mwingine angetupa? Walishinda mechi 56 na kufika fainali. Hesabu yangu hailioni hilo.

Kuna na hesabu ile ya kuangalia timu inaongoza au inaachwa kwa pointi ngapi mtu fulani akiwa uwanjani. Hiyo iliniumbua. Daftari lilinionyesha beki wetu mmoja ni mfalme, nikampelekea kocha mbio mbio. Akacheka sana: "Huyo si namwingiza na nahodha kila mara?" Kweli bwana, nilikuwa nampima nahodha. Wenzetu NBA husawazisha kwa kulinganisha maelfu ya vipindi vyenye wachezaji tofauti uwanjani. Mimi nilikuwa na mechi kumi na mbili na kalamu ya kuazima.

Yule mfungaji wetu aliambiwa kitu kimoja tu: ukibanwa na wawili, toa mpira. Pointi zake zikashuka hadi 13, 14. Tukaanza kushinda, na yeye hakunisalimia mpaka msimu ukaisha.