Meza ya Bahari: Nanga, Kamba na Magofu ya Lycia

Barua tatu za mwezi huu zauliza kuhusu mwambao wa Lycia, kusini-magharibi mwa Uturuki, unaosifika kwa magofu na ghuba zake tulivu. Tumezijibu pamoja.

Nimezoea mashua na yoti ndogo za Mtwapa. Septemba tumekodi yoti ya mita 12 kutoka Fethiye. Naambiwa kule chombo hakilali kwa nanga peke yake, bali tezi, yaani nyuma yake, hufungwa kwenye jabali. Ni lazima? Na hufanywaje?
*Baharia, Mtwapa*

Si sheria, lakini katika ghuba nyingi usipofunga utakesha. Sababu iko chini ya maji. Milima ya Lycia huingia baharini kwa mteremko uleule ilioshukia kutoka juu: mita 20 kutoka jabali waweza kupima kina cha mita 6, na mita 60 kikawa 15 au zaidi. Ukikiacha chombo kizunguke, usiku hushuka upepo wa mlimani, ndugu wa umande wetu utokao bara, ukakisukuma nje. Hapo nanga inavutwa kuteremka, na nanga inayovutwa kuteremka haing'ati. Ukifunga tezi ufuoni, nanga inavutwa kupanda, na kadiri inavyovutwa ndivyo inavyojichimbia.

Anza kwa hesabu. Chombo mita 12, nafasi ya kuacha kati ya tezi na jabali mita 8, mnyororo mita 40: nanga iteremshwe kama mita 60 kutoka ufuoni. Pima kina hapo. Kwa kila mita ya kina toa mnyororo mita 4 kwa uchache, 5 ukitarajia upepo. Kwa hiyo mita 40 zatosha kina cha mita 10 tu. Yoti nyingi za kukodi hubeba mnyororo wa mita 50 hadi 60, basi kina kikizidi 15 ondoka, tafuta ghuba nyingine. Tazama pia rangi ya maji: doa jeupe ni mchanga, jeusi ni nyasi au mawe. Nanga ikiangukia kwenye nyasi hubeba fungu lake na kuteleza juu ya mengine, na kwenye usukani utadhani imeshika.

Kabla ya kuanza rivasi, kamba ya ufuoni iwe tayari: mita 50, ya aina inayoelea, imetandazwa tezini bila fundo. Inayozama usiichukue, itakwenda moja kwa moja kwenye pangaboi. Teremsha nanga, rudi nyuma polepole huku mtu wa omo, yaani mbele ya chombo, akiachia mnyororo bila kuuzuia. Mita 15 kutoka jabali mtu aruke na mwisho wa kamba, amevaa viatu, kwa maana mawe yale ni makali na yana viumbe wa miiba. Afunge kwanza kamba ya upande upepo unakotoka. Hapa ndipo wengi huharibu: hufunga iliyo karibu, na upepo wa ubavuni unazungusha omo mpaka chombo kinalala sambamba na mawe.

Kamba zote mbili zikishafungwa, kaza mnyororo, weka rivasi ya nguvu kwa nusu dakika, na uangalie vitu viwili vya ufuoni vilivyo mstari mmoja, tuseme mti na jiwe nyuma yake. Vikiachana, nanga inakuja. Ing'oe uanze upya. Kuongeza mnyororo juu ya nanga isiyoshika ni kujidanganya.

Penye nguzo za chuma za kufungia, funga hapo, si kwenye msonobari: kamba huukata gome, na katika ghuba za Göcek na Fethiye kufunga mitini kumekatazwa. Ukifunga kwenye jabali, pitisha kamba ndani ya kipande cha mpira wa maji pale inapogusana na jiwe. Kamba nzuri inayosuguliwa usiku kucha huamka nusu yake.

Kule kuna kusi na kaskazi? Na maji hupwa saa ngapi?
*Msomaji, Tudor*

Maji hayapwi, au tuseme hupwa kwa kiasi usichokiona: tofauti kati ya kujaa na kupwa haifiki nusu mita, wakati Kilindini siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa zaidi, huvuka mita 3. Wengi husikia raha wakiambiwa hivyo. Lakini Tudor ukikwama kwenye tope unakaa, unapika chai, maji yakijaa yanakuinua. Kule ukipanda mwamba hakuna maji yatakayokuja kukuinua. Ni kuvutwa, au kupunguza uzito.

Upepo nao hauhesabiwi kwa miezi kama kusi yetu, bali kwa saa za siku. Kiangazi asubuhi bahari hulala. Kuanzia karibu na adhuhuri upepo wa magharibi au kaskazini-magharibi huinuka, ukazidi alasiri, kisha hufa jua likitua. Ndani yake mna mkono wa *meltemi*, upepo mkavu wa Bahari ya Aegean unaovuma zaidi Julai na Agosti. Septemba umepungua na maji bado yana joto, mwezi mzuri.

Kwa hiyo kutoka Fethiye kwenda Kaş ni raha, upepo uko mgongoni. Kurudi ndiko kwenye kazi, hasa Yediburunlar, yaani Rasi Saba, kati ya Ölüdeniz na Kalkan. Ni zaidi ya maili za baharini 20 bila mahali pa kujificha, na mawimbi yakigonga magenge hurudi kugongana na yanayokuja. Yoti ya mita 12 hutembea maili 5 kwa saa, basi hesabu saa 5 nzima. Ng'oa nanga saa 11 alfajiri, endesha kwa injini, uwe umemaliza kabla upepo haujaamka. Anayesubiri kifungua kinywa atabisha, yaani atakwenda kombokombo dhidi ya upepo, mchana kutwa asifike. Wenye wiki moja tu wangekodi chombo cha kuachwa Kaş au waishie Kalkan. Fethiye hadi kisiwa cha Kekova, mbele ya Kaş, na kurudi kwa siku 7 ni mbio, si matembezi.

Je, mtu aweza kuzamia Kekova aone mji uliozama? Na wanafunzi wangu wanauliza: Afrika imo popote kwenye magofu hayo?
*Mwalimu wa historia, Kibokoni*

Kuzamia hapana. Juu ya magofu ya upande wa kaskazini wa kisiwa cha Kekova hairuhusiwi kuogelea wala kutia nanga. Unapita polepole ukitazama. Ngazi zilizochongwa kwenye mwamba zinashuka na kuendelea chini ya maji, na kuta za nyumba zinaonekana vizuri jua likiwa juu. Tetemeko la karne ya 2 ndilo lililoshusha ardhi. Kulala, ingia Üçağız ng'ambo yake: maji machache, tope linaloshika vizuri, ila mlangoni pana vijisiwa na miamba, usiingie usiku. Jirani yake ni Kaleköy, Simena ya kale. Ndani ya ngome yake mna ukumbi mdogo uliochongwa kwenye jabali, viti safu 7 tu, na chini ufuoni kaburi la mawe la Kilycia limesimama majini. Vigae vya mitungi utakavyoviona viache vilipo. Sheria ya Uturuki ya mwaka 1983 inafanya kuvichukua kuwa kosa la jinai.

Afrika imo, Mwalimu. Karibu na Kaş, penye rasi ya Uluburun, mzamiaji wa sifongo aliona jahazi lililozama mwaka 1982. Lilichimbuliwa kuanzia 1984 hadi 1994. Lilizama mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Kristo likiwa na takriban tani 10 za shaba na tani 1 ya bati, kipimo kinachofaa kutengenezea shaba nyeusi (bronzi). Pamoja na hayo zilikuwamo pembe za ndovu, meno ya viboko, maganda ya mayai ya mbuni, na magogo ya mpingo, mti uleule wanaouchonga mafundi wetu. Msiharakishe kusema ulitoka pwani hii; mpingo huota pia Sudan na Ethiopia, na njia ya Misri ilikuwa fupi zaidi. Mzigo wenyewe uko katika jumba la makumbusho la Bodrum.